Gemu ya daladala imerudi: maswali mnayotuuliza kila siku

Tangu tutangaze kwamba tunaijenga upya gemu yetu ya daladala, maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa utulivu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanagusa moyo wa kazi yenyewe, na mengine ni ya mstari mmoja.

Mlipotelea wapi?

Tuliacha mwishoni mwa 2021. Baba alipata kiharusi, nikarudi Tanga kumuuguza. Laptopu nilienda nayo, lakini kichwa cha gemu sikuwa nacho. Baadaye nikapata ajira ya kutengeneza mifumo ya stoo, na mdogo wangu, ambaye ndiye mchoraji wetu, alikuwa bado chuo. Mwezi mmoja ukawa sita, sita ikawa miaka miwili na nusu. Hatukuwaaga, na hilo tunawaomba radhi. Kila mwezi tulidhani mwezi ujao tutarudi.

Kilichonirudisha ni safari moja ya asubuhi, katikati ya 2024. Nilikuwa kwenye daladala inayotoka Gongo la Mboto, tukafika kituo cha Banana. Kijana wa sare, begi mgongoni, akashika mlango. Konda akamwambia, "Mwanafunzi wawili tu, wameshafika." Viti viwili vilikuwa wazi, mimi nimekaa pembeni ya kimojawapo. Gari likaondoka. Nikatoa simu nikaanza kuandika kanuni ya konda yule, na tulipofika Karume nilikuwa bado naandika.

Ni gemu ileile au nyingine?

Mchezo ni uleule, ila msimbo, yaani maandishi ya programu, ni mpya wote. Wewe bado ni konda wa gari moja kwenye njia ya Gongo la Mboto hadi Kariakoo kupitia Buguruni. Bado una dereva, una hesabu ya tajiri (fedha anayodai mwenye gari kila siku) inayokusubiri jioni, una mafuta, una trafiki, una foleni ya Tazara. Magari mengine barabarani yanaendeshwa na kompyuta kwa kanuni zilezile unazobanwa nazo wewe. Hakuna gari lenye upendeleo.

Kwa nini hamkuifungua tu ile ya zamani mkaendelea?

Tulijaribu. Ile ya zamani tuliitengeneza kwa injini ya Godot, programu ya kutengenezea gemu, toleo la 3. Wakati tukiwa mapumzikoni, Machi 2023, likatoka toleo la 4, na mambo mengi yakabadilika. Injini ina chombo cha kubadilisha mradi wa zamani kuwa mpya, nacho kinasaidia: `KinematicBody2D` inakuwa `CharacterBody2D`, `export` inakuwa `@export`, na mengine ya namna hiyo. Lakini kinachobadilika hapo ni majina. Mahali tulipotumia `yield`, ambapo sasa panatakiwa `await`, ilibidi tusome mstari kwa mstari tukijiuliza tulikuwa tunasubiri nini.

Tulivyozidi kusoma ndivyo tulivyouona ugonjwa wenyewe. Msimbo uliochora abiria ndio huohuo uliokuwa unaamua kama abiria amechoka kusubiri. Hesabu ya tajiri ilikuwa ndani ya faili la kitufe. Huwezi kugusa rangi ya kitu bila kutikisa uchumi wa gemu nzima. Hapo tukaamua: kanuni na namba zinabaki, nyumba inajengwa upya.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Gemu yetu ni ndogo, mtu mmoja anaweza kuisoma yote kwa wiki. Ingekuwa kubwa mara tano ningeikarabati chumba kwa chumba, maana kuandika upya kila kitu ni njia nzuri sana ya kutomaliza kamwe.

Yule mwanafunzi wa Banana bado yupo?

Yupo. Na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni.

Kwa wasiokumbuka: kwenye toleo la kwanza, wachezaji wengi walitutumia picha za mwanafunzi aliyesimama kituo cha Banana tangu saa 12 asubuhi, na saa 3 bado yupo palepale. Walidhani ameganda. Sisi pia tulidhani ni hitilafu. Tukakagua, na kumbe hajaganda hata kidogo. Kila gari lililofika alinyoosha mkono, na kila konda alimkataa.

Hakuna mahali tulipoandika "mkatae mwanafunzi". Tuliandika tu kwamba konda anaangalia nafasi zilizobaki, anaangalia watu wazima anaotarajia kuwakuta vituo vinavyofuata, na anaangalia hesabu imefika wapi. Hayo matatu yanatosha. Gari linalotoka Gongo la Mboto asubuhi linafika Banana likiwa limebakiza nafasi chache, mbele kuna Jet na Tazara zenye watu wazima wamejaa, na nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Wakati ule wanafunzi wawili ndio mtu mzima mmoja. Konda wa kompyuta akapiga hesabu akafika pale pale alipofika konda wa kweli. Saa 4 asubuhi, barabara ikipoa na magari yakitembea na viti vitupu, konda huyohuyo anamwita mwanafunzi kwa jina la utani.

Basi mwaka 2021, kwenye sasisho la mwisho kabla hatujapotea, "tukalitengeneza". Tukaandika kwamba konda achukue kila mtu kwa zamu ya kufika. Picha za malalamiko zikaisha. Lakini gemu ikapoa kama chai iliyosahaulika. Hapakuwa na cha kuamua tena: unasimama, wanapanda, unaondoka.

Sasa tumeirudisha kanuni ya zamani jinsi ilivyokuwa. Wewe ukiwa konda unamwona pale, unaona magari mawili ya mbele yako yamemwacha. Ukimchukua kwenye kiti ambacho mtu mzima angekaa, umepoteza shilingi 400, maana mtu mzima kwenye gemu sasa analipa 600. Hakuna alama utakayopewa, hakuna muziki wa pongezi. Jioni unampelekea tajiri hesabu yake, na kama imepungua imepungua. Wapo wachezaji waliotuomba tuweke zawadi. Tumekataa, na tutaendelea kukataa, kwa sababu konda wa kweli naye hapewi.

Mara nyingi mnataja namba 0.37. Ni nini?

Ndani ya faili la konda wa zamani palikuwa na mstari unaozidisha kitu kwa 0.37. Pembeni nimeandika neno moja: "usiguse". Sikuandika kwa nini. Mwaka 2024 mimi huyohuyo niliyeandika nikausoma kama barua ya mtu nisiyemjua.

Wakati wa kujenga upya nikauacha nje, nikiamini ni uchafu wa zamani. Matokeo yake magari yote yakawa yanakaa Gongo la Mboto mpaka yajae pomoni, kisha yanatoka kwa msafara. Banana yanafika magari matatu kwa mpigo, halafu nusu saa nzima hakuna kitu. Kituo kinajaa, gari linalofuata linachelewa zaidi kwa sababu lina watu wengi wa kupakia, na lililo nyuma yake, likikuta vituo vitupu, linalikamata. Hii si ajabu ya gemu yetu. Ndivyo mabasi yanavyofanya popote duniani yasipokuwa na kitu cha kuyatenganisha: aliyechelewa kidogo anazidi kuchelewa, aliyewahi anazidi kuwahi, hadi wanakutana.

Ilinichukua siku tatu kugundua. 0.37 ilikuwa ni uwezekano, kila gari la nyuma linapopiga honi, kwamba konda atakata tamaa ya kujaza, atagonga bodi na kusema "twende". Honi ya mwenzake ndiyo iliyokuwa inazitenganisha gari. Sasa mstari ule una jina: `uwezekano_wa_kuondoka_bila_kujaa`. Ni refu, lakini nikipotea tena miaka miwili nitalielewa.

Mlijuaje kwamba mpya inafanana na ya zamani?

Kwa simu ya mama. Ina kioo kilichopasuka, na toleo la 2020 lilikuwa bado limo ndani kwa sababu mama hafuti kitu. Tuliiweka mezani kando ya kompyuta, tukaanzisha asubuhi ileile kwenye zote mbili, mdogo wangu akihesabu kwa kalamu kwenye daftari la mistari: wangapi wamesimama Mombasa ya Ukonga, wangapi Banana, wangapi Buguruni, kila baada ya nusu saa ya gemu. Tulifanya hivyo jioni nyingi. Kila safu mbili zilipotofautiana sana, palikuwa na kanuni niliyoisahau.

Kinachofanana ni mwenendo. Abiria mmoja mmoja hatofanana. Gemu za namna hii zinatumia bahati nasibu, na hakuna uhakika kwamba bahati nasibu ya injini mpya itakupa namba zilezile za injini ya zamani. Kwa toleo jipya tumeandika ya kwetu wenyewe, inayoanza na namba unayoiona kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukimpa mwenzako namba hiyo, atapata asubuhi ileile uliyopata wewe, mvua ileile, foleni ileile.

Zamani gemu ilikuwa rahisi kwenye simu yangu na ngumu kwenye ya kaka yangu. Ni mimi au?

Si wewe, kosa lilikuwa letu. Uigaji, yaani mahesabu yanayoendesha gemu, ulikuwa unasogea kila picha inapochorwa kwenye kioo. Simu yenye nguvu ilichora mara nyingi kwa sekunde, simu dhaifu mara chache, na kila mara konda alikuwa anapata nafasi ya kuamua. Kwa hiyo konda wa simu ya bei kubwa alikuwa anaamua mara nyingi zaidi kuliko wa simu ya bei ndogo, na bahati nasibu ile ya 0.37 ilikuwa inapigwa mara nyingi zaidi.

Sasa uigaji una mapigo yake: mara 10 kwa sekunde, simu iwe yoyote. Uchoraji unafuata kwa kadiri simu inavyoweza. Pia fedha zote ni namba kamili za shilingi, hakuna desimali. Zamani mtu aliweza kumaliza siku na hesabu iliyopungua vijisehemu vya senti na tajiri akamfukuza.

Sevu yangu ya zamani itafunguka?

Hapana. Pole sana. Zamani tulikuwa tunahifadhi hali nzima ya ukurasa jinsi injini ilivyoiona, na toleo hilo la injini hatulitumii tena. Faili jipya linahifadhi mambo ya msingi tu: siku, fedha, hali ya gari, namba ya bahati, na namba ya toleo, ili tukibadilisha kitu kesho tujue faili lako ni la lini. Jina la gari lako na maandishi ya kioo cha nyuma unaweza kuyaandika upya mwanzoni.

Mbona siioni tena Play Store? Na kwa nini mpya haijafanya sasisho juu ya ile ya zamani?

Haya ni mambo mawili.

La kwanza, Google inataka kila programu iandaliwe kwa matoleo ya karibuni ya Android. Ukiiacha miaka bila kuigusa, watu wenye simu mpya hawaioni tena, hata kama waliowahi kuiweka bado wanayo. Ndicho kilichotupata tukiwa tumelala.

La pili linaniuma. Programu ya Android inatiwa saini kwa ufunguo ambao ni faili. Sasisho lazima litiwe saini na ufunguo uleule, la sivyo simu inalikataa. Sisi tuliingiza gemu mwanzoni mwa 2020 na ufunguo tukautunza wenyewe. Msimbo wote ulikuwa mtandaoni kwenye Git, chombo cha kutunzia msimbo, salama. Ufunguo haukuwekwa huko, na ni sahihi kutouweka huko, kwa sababu ni siri. Ulikuwa kwenye diski ya laptopu tu. Diski ikafa Tanga, kwenye joto na umeme unaokatika. Fundi alijaribu. Haikuwezekana.

Kwa hiyo gemu mpya kwa Android ni programu nyingine kabisa. Ifute ya zamani mwenyewe kama hutaki kuwa nazo mbili. Programu mpya zinazoingia Play Store tangu Agosti 2021 Google ndiyo inayotunza ufunguo mkuu, na ukipoteza ule wa kupandishia unaweza kuomba mwingine. Lakini nakala yetu sasa iko sehemu tatu, na mojawapo ni flashi iliyo kwenye kabati la mama.

Ninapokumbuka hili huwa nawakumbuka pia watengenezaji wa gemu ya Project Zomboid kule Uingereza. Mwaka 2011 wezi waliingia wakaiba laptopu zilizokuwa na kazi ya miezi. Waliirudia kazi ile, na gemu ile inachezwa hadi leo.

Simu yangu ni ya kawaida. Itaiweza?

Tunaijaribu kwenye simu yenye RAM ya GB 2 na inakwenda vizuri. Ila Godot 4 inahitaji OpenGL ES (mfumo wa simu wa kuchora picha) ya 3.0 kwenda juu, wakati toleo la 3 liliridhika na 2.0. Simu za zamani sana tumeziacha nyuma, na si kwa kupenda. Intaneti haihitajiki ukishapakua, kwa hiyo bando lako liko salama.

Mbona nauli ya mtu mzima ni 600? Zamani ilikuwa 400.

LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walipandisha mara mbili wakati sisi hatupo: 2022 nauli ya safari fupi ikawa 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Nauli ya mwanafunzi ilibaki 200. Fikiria hilo kwa hesabu ya konda: zamani mwanafunzi alimgharimu shilingi 200 kwa kiti, sasa 400. Tulipobadilisha namba hiyo moja kwenye jedwali, bila kugusa kitu kingine, mwanafunzi wa Banana akaanza kusubiri zaidi. Nilikaa nikimwangalia muda mrefu usiku ule.

Mtaweka mwendokasi?

Baadaye. Mabasi hayo yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 Barabara ya Morogoro, daladala za pale zilihamishiwa njia nyingine, na hiyo ni gemu nzima peke yake: umeamka asubuhi, njia yako haipo.

Na matatu za Nairobi?

Ndugu zetu wa Kenya wanauliza sana, na jibu langu ni kwamba tusingeitendea haki. Daladala ina nauli iliyopangwa na mamlaka, kwa hiyo konda anabaki na silaha moja, ya kuchagua nani apande. Matatu nauli inapanda jioni, inapanda mvua ikinyesha. Hiyo ni mizani nyingine kabisa. Kuna sacco (vyama vya wenye magari), kuna muziki, kuna michoro ya gari inayovuta abiria. Anayepaswa kuitengeneza ni mtu anayeipanda kila siku. Akijitokeza, majedwali yetu ya foleni na vituo tutampa bure.

Mimi pia nina gemu niliyoiacha. Nianzie wapi?

Usianze na msimbo. Icheze kwanza. Tafuta toleo la injini ulilotumia wakati ule, kwa Godot yote ya zamani bado yanapakuliwa, na uiwashe jinsi ilivyokuwa, na makosa yake. Andika kwenye karatasi pale ulipotabasamu na pale ulipochoka. Kumbukumbu yako ya gemu ile na gemu yenyewe ni vitu viwili tofauti. Mimi nilikumbuka kwamba foleni ya Tazara ndiyo tamu, kumbe utamu ulikuwa vituoni.

Halafu toa namba zote ndani ya msimbo uziweke kwenye jedwali moja unaloweza kulisoma kwa jicho. Kwenye gemu ya uigaji namba ndiyo gemu. Kasi ya abiria kuchoka, uwezekano wa honi, bei ya mafuta: hizo ulizipata kwa kujaribu miezi mingi, na ukizipoteza hutozipata tena kwa kukumbuka. Michoro unaweza kuchora upya. Vitufe utaviandika upya kwa siku mbili.

Kisha jenga kipande kimoja kidogo mpaka kifanane na cha zamani. Sisi tulianza na kituo kimoja na magari mawili, tukakaa hapo wiki kadhaa. Kishawishi cha kuongeza vitu vipya ni kikubwa sana ukirudi, kwa sababu umejifunza mengi ukiwa mbali. Viandike pembeni. Ukiongeza kipya kabla cha zamani hakijasimama, siku kitu kikiharibika hutojua kama umesahau kanuni ya zamani au umekosea mpya.

Kama unahisi umechelewa, mwangalie Ludvig Strigeus. Transport Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya usafirishaji, ilitoka 1994, na miaka 10 baadaye alikuwa amelivunjavunja toleo lake la Deluxe mpaka ndani na kuliandika upya kwa lugha ya C. Hiyo ndiyo OpenTTD ya 2004, nayo bado inaendelezwa na watu wa kujitolea. Na hakuwa hata ndiye mtunzi wa ile ya kwanza.

Ni bei gani, na kuna Kiingereza?

Majaribio ni bure. Ikikamilika itauzwa kwa bei ndogo, bila matangazo. Kiswahili tu kwa sasa. "Hesabu", "deiwaka" na "kupiga debe" hatujapata namna ya kuyasema kwingine.

Lini itakamilika?

Kipande cha Gongo la Mboto hadi Tazara kinachezeka leo. Buguruni inafuata, halafu Kariakoo. Tarehe sitoi, kwa sababu niliwahi kutoa moja na mnajua ilivyokuwa.

Nisaidie vipi?

Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Play Store inatakiwa iwe na wajaribu 12 watakaokaa na programu siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa kutoka kwa wote. Kumi tunao. Tunahitaji wawili wenye simu za Android, na tungependa zaidi mmoja wao awe konda au dereva, au aliyewahi kuwa.

Jambo jingine ni sauti. Kama unapita Gongo la Mboto saa 11 alfajiri, turekodie wapiga debe wakiita gari za Kariakoo. Waombe ruhusa kwanza, waambie ni ya nini. Tuliyonayo niliirekodi mimi mwaka 2020 na ina upepo mwingi.